Kabla hujampa fundi kemshafti yako aisage, ngoja nikuambie yaliyonikuta

Miaka kadhaa nyuma nlikuwa na pikipiki ya kazi, zile za kichina za 125 ambazo injini yake imeigwa kwa Honda CG, ya rodi, yaani kemshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu za injini, inakaa chini karibu na kranki alafu vijiti viwili ndio vinapanda juu kusukuma roka, zile nyenzo zinazobonyeza valvu. Nlikuwa nabeba viazi na vitunguu kutoka soko la Kongowea, Mombasa, kupeleka Mtwapa na ikibeba mzigo inalia kama punda. Fundi mmoja akaniambia babangu, hii kem tukiipunguza kidogo valvu zitafunguka zaidi, itatoka moto. Mimi nani nibishe.

Akashika grainda ya mkono, akasaga ule upande wa duara, ule wa nyuma ya nundu, kwa macho tu. Hesabu yake haikuwa ya kijinga, maana valvu inainuka kwa tofauti ya ncha ya nundu na lile duara, ukipunguza duara tofauti inakua. Akarudisha, akakaza skrubu za tapeti (zile za kurekebisha nafasi kati ya kem na valvu) kuziba pengo, nikamlipa shilingi 1,500 nikaondoka nimefurahi.

Siku mbili tatu ikawa na mlio mzito, nikajisifu kwa wenzangu stejini. Alafu tik tik tik ikaanza. Kwa foleni ya daraja la Nyali ukiachia mafuta inazima, unapiga kiki na jua lote lile na matatu nyuma yako inapiga honi. Wiki ya tatu nikamwaga oili, inang'aa kama magamba ya dagaa.

Sasa ndio nikakaa chini kuelewa, na nitakupa vile nilivyoelewa mimi. Fikiria nundu ya kem ni tuta la barabarani na ile tapeti, kile kipande kinachoegemea kem na kusukumwa nayo, ni pikipiki inayopita juu. Kuna tuta limejengwa vizuri, linaanza kupanda taratibu, katikati linakuwa mviringo, linashuka taratibu, unapita hata na mwendo. Alafu kuna lile watu wa mtaa wamemwaga simiti usiku, urefu ni uleule lakini ukilipita unaruka kwa siti. Kinachokurusha ni mteremko wake, urefu haukuwa na shida. Na ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kukurusha inaongezeka mara nne.

Kemshafti inazunguka nusu ya kranki, kwa hivyo injini ikiwa 8,000 kwa dakika kem iko 4,000, ni kama mara 67 kila sekunde valvu inafunguka na kufunga. Ikipanda, nundu ndio inasukuma, sawa. Lakini kuzunguka ile ncha ni springi peke yake inayoirudisha tapeti ishike kem. Umbo likiwa kali kushinda springi, tapeti inaelea hewani, alafu inaanguka. Na ndio maana mwanzo na mwisho wa nundu kuna karampu kadogo sana, yaani kateremko ka kupandia na kushukia, kazi yake ni kumaliza lile pengo la tapeti polepole na kuiweka valvu kwa kiti chake bila kishindo. Yule fundi wangu hako karampu ndio alikafuta kwanza.

Na zaidi ya hapo, hii injini ya CG ina nundu MOJA inayofanya kazi ya valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Ukiharibu hiyo nundu umeharibu valvu zote.

Niliazima daili geji, kile kipimo cha sindano, kwa jirani mwenye leth (mashine ya kuchonga chuma), nikabandika karatasi ya digrii kwa kipande cha plaiwudi, nikafunga kem yangu na mpya niliyonunua, nikasoma kila digrii 5 nikiandika kwa daftari la hesabu la binti yangu (alinuna). Ile mpya upande wa duara sindano haichezi karibu kabisa. Yangu ilikuwa inacheza mpaka milimita 0.18, na pengo la tapeti lenyewe kwa pikipiki kama hizi huwa halifiki hata sehemu ya kumi ya mili, sasa hapo unaseti nini? Ukipima na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo, hapa imebana, zungusha kidogo imelegea.

Ukishapata zile namba usiangalie ile kubwa tu. Toa kila namba kwa inayofuata, unapata mwendo. Alafu zile tofauti nazo zitoe tena, unapata vile mwendo unavyobadilika, na hapo ndipo uchafu wote unaonekana. Ya kiwandani inaenda 1, 2, 3 inarudi kwa mpango. Yangu ilikuwa inaruka kama mbuzi.

Kitu kingine, uso wa kem umekazwa ugumu juu juu tu, ngozi nyembamba. Grainda ikiipita, chini ni chuma laini, basi yale magamba kwa oili ndio hayo.

Kwa hivyo ukitaka nguvu zaidi, kwanza pima kompreshen (mbano wa hewa ndani ya silinda), seti tapeti injini ikiwa baridi, angalia kabureta na sproketi ya nyuma, mimi sproketi ndio ilinimalizia shida ya mzigo. Kem ya nundu nene inayoacha valvu wazi muda mrefu inafaa injini inayokimbia juu saa zote, kwa mwendo wa chini valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu, moshi unarudi nyuma, sailensa inakohoa. Honda wenyewe waliona hio ngoma, mwaka 1989 wakatoa Integra yenye VTEC, nundu za aina mbili kwa kemshafti moja, ya mwendo wa polepole na ya mwendo mkali. (Wale wa kubandika stika ya VTEC kwa Probox, tunawaona.)

Na kama lazima isagwe, iende kwa mashine ya kusaga kem inayofuata kem mama, ile ya mfano inayonakiliwa umbo lake, na umuulize ataikaza vipi ugumu baadaye. Akikuangalia tu bila jibu, chukua kem yako uende. Ukifunga mpya badilisha na zile tapeti zinazoigusa, usirudishe za zamani zilizokwisha kuchimbika, paka oili nzito kwa nundu kabla ya kiki ya kwanza, na mwaga oili mapema kuliko kawaida uangalie kama kuna kinachong'aa.