Dada anaimba jazi, lebo inamtaka abadilishe biti: jibu la mpiga besi

Mkuu, umeuliza kama dada yako, anayetunga na kuimba nyimbo zake zenye ladha ya jazi, asaini mkataba na lebo inayomtaka ahamie kwenye biti za kuchezeka, au aendelee kivyake ingawa hajulikani. Mimi nimempigia besi mwimbaji wa namna hiyo hapa Dar kwa miaka saba, naye hapa nitamwita dada tu. Nitajibu kwa niliyoyaona, na nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Kwanza hilo neno jazi kwetu lina matata yake. Shoo yetu ya kwanza tuliliandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Wakaja watu 23, na kati yao wazee sita waliovaa vizuri kabisa, wamekuja kucheza. Kwao jazi ni bendi za dansi za zamani, ni Morogoro Jazz, ni Western Jazz, ni Mbaraka Mwinshehe na gitaa lake. Dada akaanza wimbo wa taratibu, saksafoni inazungukazunguka, wazee wanatazamana. Mapumziko, mmoja akaniita pembeni: "Kijana, hii jazi yenu mbona haina pa kukanyaga?" Nilicheka, lakini usiku nilimwambia dada kuwa mzee ana hoja. Tukaanza kuweka wimbo mmoja au miwili yenye mwendo wa dansi katikati ya shoo, na wawili watatu kati ya wale wazee wakawa wateja wetu wa kudumu. Huyo mzee ndiye mtu wa kwanza kumtunza dada jukwaani, noti ya elfu kumi, akaibandika kwenye stendi ya maiki.

Hapo hatukubadilisha wimbo hata mmoja ili kumpendeza mtu. Tulichopanga upya ni usiku wenyewe. Biti anazodai hiyo lebo ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu si hatari kubwa kuliko zote kwenye huo mkataba. Hatari ni masta, yaani umiliki wa rekodi yenyewe.

Sisi tulikosea mwanzoni kabisa. Studio moja ilikubali kuturekodia nyimbo tano bila malipo, "tutaelewana zikitoka". Hatukuandika kitu. Nyimbo zikatoka, hazikuvuma, zikakaa mtandaoni. Kwa mwaka mzima mapato yake hayakufika nauli ya bendi kwenda na kurudi Bagamoyo. Mwaka wa tatu akajitokeza mtengeneza filamu, anataka wimbo mmoja wa kufungia filamu yake, na hela aliyotaja ingemlipia dada kodi ya mwaka. Sasa wimbo ukiingia kwenye filamu unahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Utunzi ulikuwa wa dada, hakuna ubishi. Rekodi, mwenye studio akasema ni yake, akataka zaidi ya nusu, halafu akakaa kimya wiki tatu. Mtengeneza filamu akachukua wimbo wa mtu mwingine. Dada hakuimba miezi miwili. Mimi nilirudi kupiga kopi za nyimbo za watu hotelini, maana familia haili huzuni.

Aliyetuinua ni mpiga kinanda wetu, ambaye alikuwa anamfuatilia sana Somi. Kwa wasiomjua, huyu ni mwimbaji na mtunzi wa jazi aliyezaliwa Illinois, Marekani, wazazi wake wakitokea Uganda na Rwanda. Alianza kutoa albamu 2003 bila kujulikana sana. Baadaye akawa OKeh, lebo iliyokuwa chini ya Sony, akatoa The Lagos Music Salon mwaka 2014, aliyoipata kwa kwenda kuishi Lagos, kisha Petite Afrique mwaka 2017, inayosimulia Waafrika wa mtaa wa 116 kule Harlem, madereva teksi na majirani wanaosukumwa nje na kodi kupanda. Hiyo ya pili ilimpa tuzo ya NAACP Image kule Marekani, kwa hiyo simsikilizi mtu anayesema lebo haina faida yoyote. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2019 aliimba Frankfurt, ukumbi wa Alte Oper, akisindikizwa na bendi kubwa ya redio ya pale. Nyingi ni nyimbo zake zilezile za zamani, zimepangwa upya kwa ajili ya matarumbeta na masaksafoni. Rekodi ya usiku ule akaitoa 2020 kwa lebo yake mwenyewe, Salon Africana, albamu inaitwa Holy Room. Hiyo ndiyo iliyompeleka kuwania Grammy ya 2021 upande wa waimbaji wa jazi. Aliyeshinda ni Kurt Elling, sawa, lakini Somi alifika pale kwa rekodi ya jukwaani iliyotoka kwake mwenyewe.

Mpiga kinanda akasema: nyimbo ni zetu, ukumbi upo, tunangoja nini?

Tukakodi ukumbi mdogo Jumapili mchana, viti 60 vya plastiki, kiingilio elfu kumi, fundi mitambo tukamlipa taslimu na akasaini karatasi kwamba kazi yake imelipwa na rekodi ni ya dada. Kwenye nyimbo mbili za taratibu tuliomba feni zizimwe kwa sababu ya kelele. Joto la Dar mnalijua. Watu waliloa jasho wakanyamaza vilevile, nami sijawahi kupiga besi mbele ya ukimya wa namna ile. Ukisikiliza wimbo wa nne kwa makini utamsikia muuza kahawa anagonga vikombe vyake nje. Tulibishana kama tumfute. Akabaki.

Video ya siku ile ndiyo iliyofungua milango. Waandaaji wa matamasha wanataka kukuona ukipiga kweli. Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Unguja, hawataki kabisa mtu wa kuigizia midomo. Tulituma maombi sehemu tisa kwa video ileile, tukaitwa mbili. Redio zilikuja baadaye, zenyewe, tena na mtangazaji mmoja alitusema kidogo kwamba tulikuwa tumejificha. Hatukujificha popote, tulikuwa tunapiga kila mwezi kilomita nne kutoka studio yao.

Sasa mkataba wa dada yako. Hilo la biti aamue mwenyewe, ni sauti yake. Ila kabla ya kusaini asome nani atamiliki masta na kwa miaka mingapi, na kama ataruhusiwa kuzirekodi tena nyimbo zake akiondoka, maana mikataba mingi inaweka muda wa kumzuia. Wakimjibu "tutaelewana", anajua hadithi yetu. Utunzi wake akausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza, kabla hajamtumia mtu yeyote demo.

Na awe na daftari. Sisi tunaandika kabla ya kurekodi, wote tukiwa chumbani: utunzi wote wa dada, isipokuwa wimbo wa sita, ambao mpiga kinanda ana asilimia 20 kwa ule utangulizi wake. Besi yangu haina asilimia, nalipwa siku hiyohiyo. Kesho nikitoka kazini nitaweka picha ya ukurasa mmoja muone tunavyoujaza, majina nitayafunika.