Jibu: Je, diko la wavuvi lipishe maghorofa?

Mkuu, umeuliza kwa nini halmashauri isigawe eneo la diko, yaani pwani wanapofikia wavuvi na mashua zao, kwa nyumba ilhali mji umejaa. Mimi nasema nyumba zijengwe, ila nyuma. Ghorofa linaweza kusimama popote penye barabara na maji. Diko haliwezi: linataka mlango kwenye mwamba wa matumbawe, mchanga wa kupandishia mashua, mahali pa kuanikia nyavu, mafundi wa kalafati (wanaoziba nyufa za mashua) na kina mama wanaokaanga samaki. Ukilihamisha, hujalihamisha, umelifunga.

Portland, jimbo la Maine, Marekani, walishapitia haya. Miaka ya 1980 nyumba za kifahari zilianza kuota kwenye magati ya wavuvi. 1987 wananchi wakapiga kura kuzuia kwa miaka mitano ujenzi usiohusu shughuli za bahari. Baadaye walilegeza, kwa sababu gati nalo linahitaji fedha za matengenezo, lakini sehemu kubwa ya ghorofa ya chini ya majengo ya magatini ikabaki ya shughuli za bahari.

Kwetu Tanzania watu hushikilia zile mita 60 kutoka ufukweni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani yake. Hazitoshi. Mita 60 zinaweza kubaki tupu kabisa huku uzio wa hoteli umeziba njia ya gari la barafu! Kwa hiyo maoni yakiitishwa, daini diko lichorwe kwenye ramani ya mipango miji pamoja na njia yake. Na mnunuzi wa nyumba aandikiwe kwenye mkataba kwamba jirani yake ni harufu ya samaki na injini za alfajiri, asije akalalamika baadaye.