Mbegu za dawa zinapogoma kuota

Sanamaki nimeatika mara mbili, na kila safari naambulia miche mitatu minne tu. Nizichemshe?

Usizichemshe. Ziloweke kwanza usiku kucha kwenye maji ya kawaida, asubuhi uzimwage kwenye sahani uzitazame. Zilizovimba zimeshapitisha maji, zipeleke kitaluni. Zilizobaki ndogo na ngumu kama changarawe, ganda lao halipitishi maji. Ndivyo zilivyo mbegu nyingi za jamii ya kunde, na sanamaki ni ya ukoo huo. Sasa hizo ndizo za kuhangaikia.

Mimi huanza na msasa. Zitandaze juu ya kipande kimoja, funika kwa kingine, sugua taratibu mpaka ule mng'ao wa ganda upotee. Ukianza kuona weupe wa ndani, umepitiliza. Ukikwangua moja moja, epuka upande wenye kitovu, pale mbegu iliposhikana na tunda lake, maana kimzizi kichanga kimelala karibu na hapo. Kisha loweka tena: zikivimba, kazi imekwisha.

Kama ni nyingi mno kwa msasa, chemsha maji, yaepue, yakiacha kutokota yamimine juu ya mbegu uyaache yapoe nazo hadi kesho yake. Jaribu kwanza na mbegu ishirini, usimwagie akiba yote. Asidi ya salfa nayo hutumika, lakini kwa watu wa maabara. Nyumbani sipendi hata kuisikia.

Nililoweka mrehani, umekuwa uteute mtupu. Umeharibika?

Hapana. Mbegu za mrehani ndivyo zilivyo, zikigusa maji hujivika ute. Ila sasa zinanata vidoleni na hazitawanyiki, utazipanda rundo. Safari nyingine zisie kavu, umwagilie baadaye. Mrehani hauhitaji kubembelezwa.

Nimeambiwa mbegu za ekinasea ziwekwe friji. Zangu zimekaa humo miezi miwili ndani ya pakiti, na bado hazioti.

Neno "pakiti" ndilo jibu. Mbegu kavu ndani ya friji inahifadhiwa tu, haihesabu ile baridi ya kuiamsha. Lazima iwe imeshanyonya maji. Changanya mbegu na mchanga safi wenye unyevu: ukiufinya ushikamane, usichuruzike. Tia kwenye mfuko, weka sehemu ya kawaida ya friji, kwenye nyuzi 4 hivi, kwa wiki nne hadi sita. Si kwenye friza! Fungua kila wiki ukague ukungu, na ukiona kimzizi kimetokeza, ipande siku hiyohiyo.

Kuna njia ya mkato: jibereleni, homoni ya mimea ambayo kwa mbegu nyingi hushika nafasi ya baridi. Ukizidisha kipimo utapata miche mirefu, myembamba, inayoanguka. Kwa pakiti moja ya ekinasea, subira ni nafuu zaidi.

Kamomili nimefukia sentimita moja, wiki tatu kimya.

Hizo zinataka mwanga ili ziote, na ni ndogo kama vumbi. Zinyunyize juu ya udongo uliolowa, uzikandamize kwa kiganja, usizifunike. Maji uzipe kwa kinyunyizio cha matone laini, la sivyo yatazikokota zote kwenye kona ya trei.

Nina mbegu za mwarobaini za mwaka jana. Nitumie dawa gani?

Pasua tano kwa wembe kabla ya kutafuta dawa yoyote. Ndani zikiwa za kijani, zina uhai. Zikiwa za kahawia au zimenyauka, zimekufa, na hakuna maji moto wala homoni ya kuzifufua. Za mwaka jana natarajia utakuta kahawia, kwa sababu mwarobaini ukiwekwa hivihivi ndani ya nyumba hupoteza uhai kwa wiki chache. Okota matunda yaliyoiva, menya nyama, osha mbegu, zianike kivulini siku moja mbili, kisha zipande ndani ya wiki hiyo.