Jibu: Miezi 8 baada ya kupunguzwa tumbo, nala zaidi. Limetanuka?

Waalaikum salaam dada. Umesema ulikatwa tumbo likabaki jembamba kama ndizi, mwanzo vijiko vitatu vikikushibisha, sasa wamaliza sahani ndogo. Mimi nina mwaka wa 3 tangu nikatwe hivyo, hofu hiyo naijua. Mwanzoni tumbo huwa limevimba kwa kidonda. Uvimbe ukiisha, nafasi huongezeka. Ni kawaida, tena sehemu inayotanuka zaidi ndiyo waliyoitoa.

Kwanza angalia unachokula. Mahamri kwa chai huteleza upesi, hujisikii kushiba. Mimi yalinirudishia kilo 4! Anza na samaki wa kuchoma, maji ungoje nusu saa baada ya kula. Samaki kidogo akikushibisha, tulia, huenda tumbo halijatanuka. Lakini ukitapika, au kiungulia kikikuamsha usiku, rudi kwa daktari aliyekupasua, usingoje siku ya kliniki.