Nianze na Final Fantasy ya Ngapi?

Mtu akishajua kwamba naipenda Final Fantasy, mfululizo wa magemu ya video, swali lake la kwanza huwa hilo. Tangu Hironobu Sakaguchi na wenzake walipotoa gemu la kwanza mwaka 1987, namba zimefika 16, mbali na matoleo ya pembeni yasiyo na namba, na mgeni akitazama anaona mlima. Ushauri wangu: usifuate namba. Kila toleo kuu lina dunia yake, watu wake na hadithi yake, kwa hiyo anayeanza na la 10 hajapitwa na kitu kwa kuliruka la 9. Yanayorudi ni machache: chocobo, yule ndege mkubwa anayepandwa kama farasi, na jina la Cid, ambalo karibu kila dunia ina mtu wake aliyepewa, mara nyingi fundi wa merikebu zinazoruka angani.

Chagua kwa kuangalia moyo wako uko wapi sasa.

Mimi nilianza na la 9, lililotoka mwaka 2000, kwa sababu tu ndilo alilokuwa nalo rafiki yangu. Tulikuwa tumemzika kaka yangu miezi michache nyuma, na nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake. Humo nikakutana na Vivi, mchawi mdogo ambaye uso wake umefunikwa na kivuli cha kofia kubwa, yanaonekana macho mawili ya njano tu. Njiani anagundua kwamba yeye na wachawi wenzake waliundwa wawe silaha za vita, na kwamba uhai wao ni mfupi mno. Wengi huzimika ghafla baada ya mwaka hivi. Kuna kijiji msituni walikojificha waliotoroka. Huko wamejifunza kuzika. Mmoja wao anasimama kwenye kaburi la rafiki yake akizungumza kana kwamba siku moja atatoka ardhini. Niliweka chini pedi ya kuchezea gemu nikalia, mara ya kwanza tangu msiba. Kesho yake nikamsimulia mama habari za Vivi, na kabla hatujajua tukawa tunamzungumzia kaka.

Ndiyo maana nakuomba usisome mbele. Ukishindwa mara tano na bosi, yule adui mkubwa wa gemu, fungua simu utafute mbinu, hakuna ubaya. Hadithi ndiyo uisubiri. Kifo cha Aerith katika toleo la 7, la mwaka 1997, kinajulikana hata na wasiowahi kushika pedi, kwa hiyo sifichui siri. Lakini wafikirie waliokuwa hawajui. Katika mapambano, mwenzako akianguka humwinua kwa Phoenix Down, kifaa cha kufufua. Kwa Aerith haikusaidia kitu. Ulikuwa umetembea naye saa nyingi, umemchagulia silaha na uchawi, ukamtegemea awaponye wengine, kisha akaondoka na nafasi yake ikabaki wazi. Mashabiki walihangaika miaka kutafuta njia ya kumrudisha, uvumi ukazuka kila upande, na hakuna hata mmoja uliokuwa kweli. Pambano linalofuata mara tu baada ya kifo halina muziki wa vita: wimbo wa Aerith unaendelea kulia huku wewe unapigana. Nobuo Uematsu ndiye aliyeutunga. Kwa hiyo usizime sauti ukaweka nyimbo zako. Wanamichezo waliingia uwanjani kwa muziki wa Final Fantasy katika ufunguzi wa Olimpiki za Tokyo, Julai 2021, na mimi niliutambua kabla ya mtangazaji kusema neno.

Ukiwa mpweke, nenda kwenye la 14, linalochezwa mtandaoni. Lilipotoka mwaka 2010 lilikuwa na kasoro nyingi hadi kampuni ikaomba radhi. Likafungwa 2012, Naoki Yoshida akaongoza kazi ya kulijenga upya, likarudi 2013. Mei 2021 zilipotangazwa habari za kifo cha mchoraji wa vitabu vya katuni Kentaro Miura, ambaye shujaa wake hubeba upanga mkubwa kupita kiasi, wachezaji walivaa deraya nyeusi, wakashika panga zao kubwa, wakajipanga safu ndefu katika njia za miji ya humo. Watu wasiojuana hata kwa sura, wamekuja kusimama tu pamoja. Mimi huo nauita msiba kamili.

Na kama wewe huchezi ila unaishi na shabiki, usimuulize atamaliza lini. Muulize anampenda nani humo, kisha kaa usikilize. Mama alinisikiliza jioni nzima bila kuelewa chocobo ni kitu gani.

Mwisho wa Vivi siusemi. Ila ukifika kijijini kwao, usipite mbio kuwahi pambano lijalo. Ongea na kila mmoja, nenda makaburini, na baadaye hadithi ikikuruhusu kurudi, rudi uongee nao tena, maana maneno yao yatakuwa yamebadilika.