Corolla KE70 linawaka asubuhi, likipata joto linagoma: lipime pale pale linapogoma

Mkuu, nimesoma maelezo yako: Corolla KE70, injini ya 4K, asubuhi linawaka vizuri, ukilizima likiwa na joto stata inazunguka kwa nguvu lakini haliwaki, ukiliacha lipoe linawaka tena. Fundi ameshafungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) mara mbili na hakuna kilichobadilika. Nimekaa na gari kama hilo miaka mingi hapa Tanga. Nakuomba usiruhusu kabureta ifunguliwe mara ya tatu kabla hujapima.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba ukifika gereji gari limeshapoa. Fundi anakuta kila kitu kizima, basi anaosha kabureta kwa sababu ndiyo inayoonekana. Kipimo cha maana ni kile cha barabarani, injini ikiwa bado inaunguza mikono. Tembea na plagi moja nzima, spana ya plagi, bisibisi na koleo lenye mpini wa plastiki.

Likigoma, anza na cheche. Chomoa waya wa plagi mojawapo, uchomeke kwenye plagi yako ya akiba, laza chuma chake kwenye injini mbali na kabureta na mipira ya mafuta, ishike kwa koleo, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia kwa nguvu ina maana uhamie upande wa mafuta. Ikiwa ya njano na nyembamba, au haipo kabisa, kabureta haihusiki.

Hapo mimi hushuku koili (kifaa kinachopandisha umeme wa betri hadi utoe cheche) na kondensa kwanza, maana vyote viwili vikizeeka havivumilii joto. Ndani ya koili kuna waya mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara. Ukishachoka, joto likiutanua umeme unakatika au unavuja, ukipoa unarudi. Kondensa ni kile kikopo kidogo kilichofungwa kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Ikidhoofika, cheche inafifia na platini (vichuma viwili ndani ya distributa vinavyounga na kukata umeme wa koili) zinaungua upesi. Fungua kifuniko cha distributa uangalie: platini zikiwa zimeota kichuguu upande mmoja na kutoboka upande wa pili, badilisha platini na kondensa kwa pamoja, kisha weka nafasi ya 0.45 mm kwa fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) wakati nundu ya shafti imezisukuma hadi mwisho. Kondensa mpya za dukani siku hizi nyingi ni dhaifu tangu zikiwa kwenye boksi. Mimi nikipata nzima iliyotoka kwenye gari lililokatwa, naichagua hiyo.

Kama linawaka unapopiga stata halafu linazima mara tu unapoachia ufunguo, tazama rizista ya koili (kipande kinachopunguza umeme unaoingia kwenye koili) kama gari lako linayo. Wakati wa stata umeme unaikwepa na kwenda moja kwa moja kwenye koili. Ukiachia ufunguo, lazima upitie humo. Ikikatika, koili inabaki bila umeme.

Cheche ikiwa nzima, ondoa chujio la hewa, uchungulie ndani ya kabureta huku ukivuta waya wa akselereta kwa mkono. Petroli inapaswa kuruka ndani. Ikiruka, na plagi ukizitoa zimelowa zinanuka petroli, injini imefurika. Ukizima gari, feni na maji vinasimama, joto la injini linapanda hadi kwenye kabureta, petroli iliyomo inachemka na kudondokea chini. Kanyaga pedali hadi mwisho, ishikilie hapo hapo, piga stata. Usipampu, kila ukipampu unaongeza petroli. Hakikisha pia choki, kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi, imefunguka yote.

Isiporuka, chomoa kwanza waya mkubwa wa koili ili kusiwe na cheche, kisha toa mpira wa mafuta unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa na upige stata. Petroli itoke kwa kuruka-ruka. Ikitoka mapovu au isitoke, tafuta mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu, au diaframu (utando wa mpira) ya pampu iliyochoka. Pampu hizi zinazosukumwa na injini zikivuta mvuke hazifanyi kazi.

Ukitaka kuuona ugonjwa wa kuchemka kwa petroli, panda kutoka Mombo kwenda Lushoto mchana, simama njiani kidogo, halafu jaribu kuwasha. Na hapa nina swali: kati ya kabureta na manifoldi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye injini) kuna kipande kinene cheusi, kama plastiki ngumu, kinachozuia joto lisipande. Fundi wako alikirudisha? Nimeona injini nyingi zilizofanyiwa ovahoo zikibaki na gasketi nyembamba tu mahali pake. Bila kipande hicho, hata kabureta mpya itachemsha petroli.

Ukishapima likiwa limegoma, andika hapa rangi ya cheche na kama petroli iliruka. Ikiwa cheche ilikuwa ya njano, usikimbilie kununua: azima koili nzima ya gari lenye mfumo kama wako, kwa sababu koili ya rizista na isiyo ya rizista hazibadilishani. Ifunge, kisha uendeshe mchana wa jua kali.