Nyumbani hakosei, akipanda stejini anakwama

Swali: Habari daktari. Binti yangu ana miaka 11, anashindana kuspeli maneno ya Kiingereza. Nyumbani nikimsomea maneno 100 hakosi zaidi ya matano, ila stejini anaruka herufi kwenye maneno anayoyajua kabisa. Siku hizi asubuhi ya mashindano hali kitu, anasema tumbo linauma. Ana shida ya kumbukumbu?

Jibu: Nzuri mama. Hapana, anayepata 95 kwa 100 kumbukumbu anayo. Neno lipo, kinachomshinda ni kulishikilia huku analitaja. Kwenye karatasi unaona umefika wapi, ila kwa mdomo lazima ukumbuke neno zima, herufi ulizokwisha kusema na inayofuata, na yote hayo yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda mfupi ambayo nafasi yake ni ndogo sana, sasa woga ukiingia nao unataka nafasi hapohapo, "nikikosa je, mama atasemaje", ndo herufi inadondoka. Angalia vizuri, mara nyingi zinazodondoka ni zile pacha, kama c mbili na m mbili za accommodate.

Kwa hiyo abadilishe mazoezi. Asispeli amekaa kwenye kochi na wewe tu, asimame, wawepo watu wawili watatu wanaomtazama, na neno aliandike kwanza kwa kidole kwenye kiganja ndo ataje. Hata washindani wengi wa Scripps National Spelling Bee, mashindano ya kitaifa ya kuspeli kule Marekani, wanaandika kiganjani hivyo. Azoee pia kuuliza maana ya neno na limetoka lugha gani, kama sheria za mashindano yake zinaruhusu. Akiambiwa Kigiriki anajua sauti ya f hapo huenda ni ph, halafu anapata muda wa kushusha pumzi. Na ile kengele inayopigwa mshindani akikosa neno, ipigeni humohumo kwenye mazoezi, ikilia anavuta pumzi mnaendelea na neno jingine, basi.

Hilo la tumbo ndo limenigusa zaidi. Maumivu ni ya kweli, usimwambie anadeka. Mpe kitu chepesi mapema, akikataa muache. Halafu samahani mama, nakuuliza na wewe: unakaa wapi ukumbini? Niliwahi kuwa na kijana ambaye kila akitaja herufi alikuwa anaangalia midomo ya baba yake kwenye viti vya mbele, maana mzee alikuwa anaspeli naye kimyakimya bila kujijua, na akikunja uso tu mtoto anapotea. Tulimhamishia mzee viti vya nyuma kabisa. Na mkiwa njiani kurudi usianze na "ulikosaje neno rahisi vile", analijua hilo kuliko wewe.

Tumbo likiuma hadi siku za kawaida, au usingizi ukapotea, mpeleke kwa daktari wa watoto. Na siku isiyo ya mashindano muulize kama bado anataka kushindana, akisema hapana mkubalie.